Nguzo moja haipo: nilichosema kuhusu panorama zinazokataa kuungana

Hii ni hotuba niliyoitoa pale Mjini Unguja mbele ya wapigapicha na vijana wa video, wengi mlikaa nyuma na spika ilikuwa inakoroma, alafu wengine mmeniandama kwa meseji nitume slaidi. Slaidi sikuwa nazo. Kwahiyo nimekaa na rekodi ya simu nikaandika karibu kila kitu kama kilivyotoka mdomoni, nimetoa vikohozi tu na zile dakika tulizokaa gizani umeme ulipokatika.

Asalaam alaykum. Wazee wangu shikamooni, kaka na dada zangu habari za jioni.

Nimeambiwa nizungumzie panorama, yani kupiga fremu nyingi alafu kuziunga ziwe picha moja ndefu, na hasa nizungumzie pale programu inapogoma. Nawaona humu ndani watu wanaopiga picha kuliko mimi, sijaja kumfundisha mtu kubonyeza kitufe. Nimekuja na kesi moja iliyonitesa, nitaizungukia hiyo hiyo.

Mwaka 2014 nilisimama Forodhani asubuhi, jua halijawa kali, nikapiga fremu 14 kwa mkono bila stendi, nikaanzia Beit al-Sahel kushoto nikaenda mpaka Ngome Kongwe kulia, katikati Beit al-Ajaib na mnara wake wa saa. Nilipiga haraka haraka, kuna mtu alikuwa ananisubiri. Nimefika nyumbani nikaziingiza kwenye programu ikanitolea kitu kama mkeka uliokunjwa na mtoto. Nikasema ah, jumba lipo palepale, halina miguu, nitarudi siku nyingine nipige kwa utulivu. Miaka sita nikawa nasema hivyo hivyo.

Tarehe 25 Disemba 2020 hakuna asiyejua humu. Sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib ikaanguka na mnara wake, watu wawili wakafariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lililopigwa mizinga na Waingereza mwaka 1896 likabaki limesimama, likaja kuanguka likiwa kwenye matengenezo. Usiku ule nikaitafuta ile diski ya zamani, nikaifuta vumbi, nikakuta fremu zangu 14 zipo.

Sasa mnaelewa kwanini nasema kesi hii ilinitesa. Kila mtaalamu wa panorama ukimpelekea kosa lako jibu lake la kwanza ni rudi ukapige tena, na ana haki, tisa katika kumi ya makosa haya yanazaliwa kwenye kamera, programu inayatangaza tu. Lakini mimi narudi kupiga nini?

Tuanze na jinsi programu inavyofikiri, nitapita haraka. Programu haijui jumba, haijui mnara. Inachofanya inatafuta vidoa kwenye kila fremu, kona ya dirisha, ufa, kichwa cha msumari, inakiandikia kila kidoa kama alama ya kidole, alafu inakwenda fremu ya pili kuuliza, huyu mwenye alama hii yupo? Njia iliyoleta mapinduzi hapo ni ya David Lowe wa chuo kikuu cha British Columbia kule Kanada, mwaka 1999, mnaiona inaitwa SIFT, hati miliki yake imekwisha mwaka 2020 ndo maana siku hizi iko kila mahali. Mwaka 2003 yeye na Matthew Brown wakaonyesha AutoStitch, unaimwagia rundo la picha zilizochanganyika, inajua yenyewe ipi inakaa na ipi. Kabla ya hapo watu walikuwa wanabonyeza pointi moja moja kwa mkono mpaka macho yanatoka machozi. Hesabu za kukunja picha zifuate lensi, sehemu kubwa tunamshukuru Helmut Dersch, mwalimu wa chuo cha Furtwangen Ujerumani, aliyetoa Panorama Tools mwaka 1998, na programu ya Hugin ambayo wengi wetu tunaitumia kwa sababu ni ya bure imejengwa juu ya kazi hiyo.

Kwahiyo hatua ni hizi: kutafuta pointi, yani vile vidoa, kuzioanisha, kukisia kamera ilielekea wapi, kukunja, kisha kufifisha mshono usionekane. Kosa likitokea jiulize kwanza limetokea hatua gani. Watu wengi mshono ukionekana wanahangaika na kufifisha wakati ugonjwa uko kwenye pointi, ni kama kupaka rangi ukuta unaovuja.

Kosa la kwanza ambalo kila mtu amelipata: programu inakataa kabisa, inakwambia picha fulani haijaungana na mwenzie. Mara nyingi fremu hazijapandana vya kutosha. Nendeni mkamtazame fundi anavyoezeka bati, bati la pili halianzii pale la kwanza linapoishia, linapanda juu yake, la sivyo mvua ya masika itakukuta kitandani. Fremu nazo zipandane robo mpaka theluthi hivi. Mimi katika zile 14 kuna sehemu zimepandana nusu nzima na kuna sehemu moja zimegusana kidogo mno, hiyo ndo haraka ya kusubiriwa na mtu.

Sababu nyingine ni kwamba sehemu iliyopandana haina kitu cha kushika. Mbingu tupu. Ukuta uliopakwa chokaa jana. Bahari. Na bahari ni mbaya kuliko ukuta kwa sababu ukuta unanyamaza ila bahari inadanganya, mawimbi yana vidoa vingi sana, programu inafurahi, inashika pointi 40 kwenye mawimbi ambayo sekunde mbili baadaye hayapo, alafu inakuvutia picha nzima upande. Mawingu ni hivyo hivyo, Hugin ina kifaa cha kufuta pointi zilizokaa mawinguni, kitumieni. Majani ya mnazi kwenye upepo yaogopeni. Hapo dawa ni kuingia mwenyewe, unafungua fremu mbili ubavu kwa ubavu, unabonyeza kitu kilekile huku na huku, pointi nne tano zilizotawanyika, zisijazane kona moja, mara nyingi inatosha picha kukubali kukaa.

Na ndugu zangu, naomba niseme hili nikiwa na uchungu: fremu zilizotumwa kwa WhatsApp. Mtu ananipigia, kaka programu yako mbovu, inaniuliza lensi ya milimita ngapi, mi nitajuaje? Namuuliza umezipata wapi, anasema kanitumia jamaa kwa WhatsApp. Picha ikipita pale kama picha ya kawaida inabanwa inakuwa ndogo, na taarifa zote za kamera zinafutwa, programu inabaki kama mtu aliyeletewa maiti isiyo na kitambulisho. Mwambie akutumie kama dokumenti, au mpe flashi. Ikiwa huna namna, basi ingiza mwenyewe urefu wa lensi na ukubwa wa sensa, zile kamera za kawaida za Nikon zenye sensa ndogo unazidisha 1.5, za Canon 1.6. Ukikosea hapo usishangae jumba lililonyooka likatoka kama ndizi mkono wa tembo. Hivyo hivyo kwa lensi za zamani za mkono zisizoongea na kamera, na hivyo hivyo kama umekata picha pembeni kabla ya kuziunga. Usikate kwanza! Unga, alafu kata.

Simu nazo siku hizi zina lensi tatu, ukisogea kidogo inabadilisha lensi kimyakimya katikati ya kazi, fremu tatu za lensi hii na mbili za ile, alafu unashangaa.

Haya, narudi kwenye jumba langu, maana hapa ndo penyewe.

Nilipoziingiza tena fremu zangu, safari hii na programu mpya, zikaungana. Nilipiga kelele mke wangu akaja mbio. Mnara umesimama, baraza zimenyooka, na kwenye ripoti kosa la wastani, yani pointi zimepishana kiasi gani, ni pikseli 1.4, na kila mwongozo utakaousoma utakwambia ukiwa karibu na moja au mbili we lala usingizi. Nikasahihisha rangi nikaprinti, nikaenda nayo barazani ninakokunywa kahawa. Kuna mzee pale, kaishi maisha yake yote mitaa hii. Akavaa miwani, akaitazama kimya muda mrefu mpaka kahawa ikapoa.

Akasema, mwanangu, jumba hili umelipunguza.

Nikamwambia nimelipunguzaje mzee wangu, hii ni picha, sijaichora.

Akasema, hesabu.

Akaweka kidole, moja, mbili, tatu, upande wa kushoto wa mnara, alafu upande wa kulia. Mmeshaelewa. Kulia nguzo moja haipo.

Nilirudi nyumbani nikatafuta postikadi ya zamani nikahesabu, nikahesabu na kwenye fremu zenyewe moja moja, mzee alikuwa sahihi. Sasa fikirini kilichotokea. Zile nguzo za chuma zimetoka kwenye kalibu moja, zinafanana kama maharage, uwazi kati yake ni ule ule, kivuli ni kile kile. Fremu ya 9 na ya 10 ndo zile nilizokwambieni zimegusana kidogo, programu ikatafuta nguzo yenye alama hii kwenye fremu ya pili, ikaikuta, ila ni jirani yake. Na haikukosea pointi moja, zote zilihama nguzo moja kwa pamoja, kwa adabu, kwa mstari. Kuna hesabu inaitwa RANSAC, ya mwaka 1981, ya Fischler na Bolles, kazi yake ni kuchuja waongo: inachukua pointi chache kwa bahati nasibu, inauliza je wengine wanakubaliana na hizi, kundi lenye wafuasi wengi linashinda. Ni nzuri sana waongo wakiwa wametawanyika kila mmoja na uongo wake. Lakini waongo wakikaa kikao wakakubaliana uongo mmoja? Wanashinda uchaguzi, na ukweli unafutwa kama kosa.

Ndo maana ile namba ya 1.4 ilikuwa nzuri. Namba ile haipimi kama jumba ni lenyewe, inapima kama pointi zinaelewana. Nilikuwa sijalielewa hili miaka yote ninayofanya kazi hii, nawaambieni ukweli, mpaka nilipohesabiwa nguzo na mzee wa barazani.

Nilichofanya: nimefuta pointi zote kati ya fremu 9 na 10, zote, sikubakisha hata moja ya huruma, kisha nikatafuta vitu ambavyo haviwezi kuwa viwili duniani. Doa la unyevu chini ya roshani, limekaa kama ramani ya Pemba. Kioo kilichovunjika. Waya uliokatika unaning'inia. Mtaona kwamba ubovu wa jumba ndo ulioniokoa, lingekuwa jipya linang'aa ningelia. Nikapata pointi tisa za mkono, nikaendesha hesabu upya, na kosa la wastani likapanda kutoka 1.4 hadi 3.8. Likapanda! Na picha ndo ikawa ya kweli, nguzo zote zipo. Mtu anayefuata namba peke yake angerudi kwenye ile ya uongo.

Kwahiyo mkipiga kitu chenye kujirudia, nguzo, madirisha ya ghorofa, viti vya uwanja wa mpira, vigae, safu ya mikarafuu shambani, hesabuni. Kwa kidole.

Swali la haki, mbona ikabaki 3.8, kwanini isishuke? Hapo tunaingia kwenye paralaksi, yani ukisogea kitu cha karibu kinaonekana kuhama kuliko cha mbali. Naomba kila mtu anyanyue kidole mbele ya uso. Funga jicho moja. Sasa geuza kichwa kushoto kulia taratibu, kidole kisitikisike. Mnaona kidole kinavyotembea juu ya ukuta wa nyuma? Haya, shusheni, msije mkapigwa picha hivyo.

Ukipiga kwa mkono unageuza kiwiliwili, unazunguka kwenye uti wa mgongo, na kamera iko mbele kama sentimita 40. Ukigeuka digrii 30 kamera imehama kama sentimita 20. Tuseme lensi inaona digrii 60 na fremu ina pikseli 6,000 kwa upana, yani kila digrii ni pikseli 100. Benchi lililo mita moja mbele yako litahama digrii 11 hivi, zaidi ya pikseli 1,000! Jumba lililo mita 50 litahama pikseli kama 23. Vyote viwili viko kwenye fremu moja, programu itavifurahisha vipi? Haiwezi. Ikilinyoosha benchi jumba linavunjika, ikilinyoosha jumba benchi linakuwa na miguu saba. Hakuna programu ya bei yoyote inayotibu hilo kiukweli, zinaficha tu, na nyingine zinaficha vizuri sana mpaka unaona dhambi kuzilaumu.

Mwenye hela anunue kichwa maalumu cha stendi kinachofanya kamera izunguke kwenye sehemu sahihi ndani ya lensi, pale mwanga unapoingilia, na hapo si kwenye sensa kama wengi wanavyodhani. Asiye na hela achukue uzi, afunge nati, auning'inize chini ya lensi kwenye sehemu hiyo, aweke alama chini sakafuni hata kwa kizibo cha soda, na kila fremu nati iwe juu ya kizibo. Unazunguka we kuizunguka kamera, kamera haikuzunguki wewe. Utaonekana kama mganga anayepiga ramli, vumilia. Nimepiga panorama za ndani ya nyumba za watu kwa uzi wa namna hii na zimeungana.

Ila kama umeshapiga vibaya kama mimi, futa pointi zote za vitu vya karibu. Mimi nilifuta za benchi, za mti, za pikipiki iliyoegeshwa, nikabakisha za jumba tu. Programu ikalipigania jumba ikaliacha benchi life. Kisha benchi nikalishughulikia kwa maski, yani unachora eneo unaiambia programu kwenye fremu hii usichukue hapa, chukua kwa mwenzie. Nikapitisha mshono kwenye majani ya mti, jicho la mtu haligundui jani lililokatika.

Maski ndo hizo hizo dawa ya watu waliokatika. Jioni pale Forodhani kuna wale watoto wanaoruka baharini kutoka ukutani, nilishapata panorama ina mtoto mmoja mara tatu, amekimbia kufuata kamera, na mwingine ni miguu tu hewani, kiwiliwili kimebaki kwenye fremu iliyoachwa. Hiyo inachekesha. Isiyochekesha ni harusini. Nilipiga ukoo mzima kwa panorama kwa sababu hawakuenea, shangazi wa bwana harusi akageuka kumkemea mtoto katikati ya fremu mbili, akatoka na nyuso mbili, moja inacheka moja imenuna. Nilituma bila kukagua. Simu niliyopigiwa sitawasimulia mbele ya wazee.

Kwahiyo kwa watu: kila mtu awe ndani ya fremu moja nzima, mshono upite mahali pasipo na mtu, na upige fremu mbili mbili uwe na akiba.

Mwanga nitasema kwa ufupi kwa sababu mnaujua. Kamera ikiachwa ijichagulie, upande wa jua itapiga giza na upande wa kivuli itapiga nyeupe, ukiunga unapata mapazia. Weka kila kitu kwa mkono, ekspoja yani kiasi cha mwanga, fokasi, waiti balansi yani rangi ya mwanga, kisha usiguse. Umesahau? Kama ulipiga RAW, yani faili ghafi la kamera, sawazisha fremu zote kwa thamani moja kabla ya kuunga, na Hugin ina hesabu yake ya kusawazisha mwanga na giza la pembeni mwa lensi, inafanya kazi vizuri ila pointi ziwe sahihi kwanza. Kitu kimoja ambacho hakitibiki ni ile filta ya kukolezea bluu ya mbingu, polaraiza, kwenye panorama pana inakoleza sehemu moja na nyingine inaiacha, unapata mbingu yenye kovu. Ivueni.

Upeo wa macho ukitoka kama wimbi au jumba likilala, usikimbilie kuzungusha picha nzima. Iambie programu hii nguzo ni wima, na hii nyingine huku mwisho nayo wima, mbili tatu za namna hiyo zilizo mbalimbali, itajinyoosha. Na aina ya kukunja uchague kwa upana, ile ya mistari iliyonyooka ikikaribia digrii 120 pembeni panavutika kama ubani wa kutafuna, hamia ya silinda, ukikubali kwamba mistari ya mlalo itapinda kidogo. Mimi nimetumia silinda, ukingo wa paa umepinda, nimeukubali. Kuna kijana aliniuliza mbona panorama yake ya digrii 360 haizunguki akiipandisha Facebook, jibu: iwe ya mduara kamili, upana mara mbili ya kimo, na zile taarifa za ndani ya faili zisifutwe na programu uliyoisahihishia rangi.

Yanabaki ya kompyuta yenyewe, ambayo watu wanadhani ni kosa la picha. Inakwenda mpaka asilimia 90 kisha inakufa. Kagua diski kwanza, programu hizi zinaandika mafaili ya muda, fremu ya megapikseli 24 ikifunguliwa kwa biti 16 ni megabaiti 144, na zako ni 30, na zimeandikwa kwenye ile diski C iliyobaki nafasi ya filamu mbili za Kihindi. Elekeza folda ya muda kwenye diski nyingine. Ikikataa kuseva JPEG pima upana, JPEG haivuki pikseli 65,535 kwa upande mmoja, seva TIFF, nayo ya kawaida mwisho wake gigabaiti 4. Ukiambiwa fremu zinapandana kupita kiasi, ina maana una fremu mbili karibu ziko mahali pamoja, toa moja. Na faili la mradi liseve kila hatua, maana umeme wetu mnaujua, na ndo huo umetuonyesha dakika kumi zilizopita.

Sasa kuna jambo moja sikubaliani na wenzangu na naomba niliseme bila kumtukana mtu. Panorama yangu ina tundu. Chini kulia, pale fremu ya 12 ilipopanda juu, hakuna kitu, ni weusi. Vijana wawili wamenishauri niijazie kwa AI, sekunde tano inakuletea mawe ya Ngome Kongwe mazuri kabisa. Nimejaribu, nisiwadanganye, na yalitoka mazuri kuliko mawe yenyewe. Nikayafuta. Ingekuwa picha ya tangazo la hoteli ningejaza mbingu na mchanga na nisingepata dhambi, mchanga ni mchanga. Lakini hii kuna watu watakuja kuihesabu. Ikiwa programu ya kuunga tu, isiyobuni kitu, ilinila nguzo nzima huku inatabasamu na pikseli 1.4, hii inayobuni nitaiamini vipi kwenye jumba ambalo siwezi kwenda kulikagua? Tundu nimeliacha, nimeandika pembeni fremu ngapi, mwaka gani, na wapi nimeweka pointi kwa mkono.

Yule mzee nilimpelekea printi ya pili. Alihesabu kushoto, akahesabu kulia, akarudia kulia. Hakusema kitu, aliomba tu nimwachie.

Nakala yake ndo hiyo iko ukutani pale karibu na mlango, mtapita mkiitazama. Idadi ya nguzo sitawatajia. Hesabuni wenyewe, mkikuta pungufu nipigieni hata usiku. Haya, yule dada aliyesema ana fremu za msitu wa Jozani zilizokataa, njoo mbele na laptopu yako, na chaja, maana hii betri naijua.